Kipande cha Pili

Msomaji, nilipokuwa kijana niliamini kwamba umri wa gazeti ni siku moja. Asubuhi lilisomwa, mchana lilitandikwa mezani, na jioni lilimfikia muuza bajia, naye akalikata vipande akafungia wateja wake. Mafuta yaliingia katika maneno, na maneno yakatupwa pamoja na mafuta. Imani hiyo ilitufaa sana sisi tulioandika, maana ilituondolea hofu: tukikosea leo, kosa litaliwa na mafuta kesho. Nilihitaji mgeni mmoja kunifunza kwamba yako maneno ambayo mafuta hayayawezi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika habari za mahakama katika mji wa Mombasa. Gazeti lenyewe sitalitaja, kwa kuwa wakubwa wake wametangulia mbele ya haki na hawawezi kunijibu. Kila asubuhi niliketi katika benchi la nyuma, daftari gotini, nikiandika majina ya watu walioletwa kizimbani: wezi wa kuku, wauza chang'aa, mabaharia waliopigana kwa ulevi. Siku moja aliletwa karani wa duka, mtu wa makamo aliyevaa kanzu safi, akishitakiwa kwamba ameiba fedha za tajiri wake. Alikana shitaka, na kesi ikaahirishwa. Nilirudi ofisini nikaandika jina lake, jina la baba yake, mtaa aliokaa na duka alilofanyia kazi. Tena, kwa kuwa nilikuwa kijana apendaye kusifiwa, nikaongeza kwamba alisimama ameinamisha kichwa kama mtu aliyelemewa na aibu.

Maneno hayo matano ya mwisho hayakuwa habari. Dirisha la mahakama ile lilikabili mashariki, na jua la saa tatu lilimpiga yule bwana machoni, ndipo akainama. Nililiona jua hilo kwa macho yangu. Lakini jua halikuwa na ladha katika habari ya wizi, nami nikaliacha.

Habari ilitoka ukurasa wa tatu, juu kabisa, kwa herufi nene. Miezi minne baadaye hakimu alimwachilia karani yule. Ilidhihirika kwamba hakuna fedha iliyoibwa. Hesabu za duka ndizo zilizokosewa, tena na mtu mwingine. Siku hiyo sikuwako mahakamani. Nilikuwa nimetumwa uwanjani kuandika habari za mpira.

Mwaka ulipokaribia kwisha alikuja ofisini kwetu. Aliuliza jina langu mlangoni, akaletwa hadi mezani pangu, akanisalimu kwa adabu iliyoniaibisha kabla sijajua kosa langu.

"Mwanangu," akasema, "sikuja kugombana. Nimekuja kununua kipande cha pili."

Sikumfahamu. Alitoa leso mfukoni, akaifungua, na ndani yake mlikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, kimechakaa kwenye mikunjo lakini kinasomeka.

"Hiki ndicho cha kwanza," akasema. "Kinasema nimeshitakiwa. Cha pili, kinachosema nimeachiliwa, kimenipita. Nimewauliza wauza magazeti wote, kila mmoja hanacho. Nikasema nije hapa, huenda mmeweka akiba."

Hakikuwako, msomaji. Hakikuandikwa kamwe. Nilimwongoza hadi kwa mhariri wetu, nikasimama nyuma yake kama mtoto aliyevunja mtungi. Mhariri yule hakuwa mtu mbaya; nilijua kwamba alilipa karo ya watoto watatu wasiokuwa wake. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Bwana, mtu kushitakiwa ni habari. Mtu kuachiliwa ni furaha yake na jamaa zake." Karani hakujibu. Alikikunja kipande chake polepole, na yumkini upole huo ndio uliomshinda mhariri, kwa maana alinigeukia akanipa mistari minne. Ilitoka siku ya pili katika ukurasa wa saba, baina ya saa za kupwa na kujaa kwa maji na tangazo la dawa ya minyoo.

Yule bwana alinunua nakala ishirini. Baadaye niliambiwa alivyozigawa: moja barazani kwa wazee wa mtaa wake, moja katika shule ya binti yake, nyingine madukani kote alikokuwa ameomba kazi akakataliwa. Sijui ngapi zilisomwa. Najua kwamba hakupata tena kazi ya kushika fedha za mtu. Jina lake sitaliandika hapa. Nililiandika mara moja, na hiyo ilizidi.

Pengine wafikiri kwamba kwa kisa hiki nataka kukushawishi magazeti yatiwe hatamu na serikali, kila neno lipimwe kabla ya kutoka. Nilipata kufikiri hivyo mimi mwenyewe kwa muda, katika majuto yangu. Kilichoniponya ni kusoma habari za waliotiwa hatamu kabla yangu.

Mwaka 1945 Henry Muoria alianzisha gazeti la Kikikuyu lililoitwa Mumenyereri. Lilikuwa gazeti dogo la mtu mwenye mtaji mdogo, lakini lilisema waziwazi mambo ya ardhi na ya utawala ambayo wasomaji wake waliyanong'ona majumbani. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ililipiga marufuku pamoja na magazeti mengine ya Waafrika. Muoria alikuwa London wakati huo. Alibaki huko, akafanya kazi katika reli ya chini ya ardhi, na huko huko akafariki mwaka 1997. Mtu aliyekuwa na gazeti lake mwenyewe alimaliza miaka yake ya kazi akitumikia magari ya moshi ya mji wa wageni. Sababu iliyotolewa ilikuwa amani ya nchi.

Uhuru ulipokuja, wengi walitumaini kwamba desturi hiyo ingeondoka na bendera ya zamani. Haikuondoka. Mwaka 1988 wapiga kura wa Kenya waliamriwa kupanga mistari nyuma ya wagombea badala ya kupiga kura ya siri, na jarida la makanisa lililoitwa Beyond likaeleza jinsi milolongo mirefu ilivyotangazwa kuwa mifupi na mifupi kuwa mirefu. Jarida lilipigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alihukumiwa kifungo, na nakuomba uangalie vema kosa lililotajwa: si kusema uongo, wala si kuchochea fitina, bali ni kutopeleka serikalini hesabu ya mauzo ya jarida kama sheria ilivyotaka. Mtego ulikuwa katika karatasi ya hesabu. Kadhalika mwaka 2002 sheria ilibadilishwa, na dhamana ambayo mchapishaji wa gazeti sharti aiweke ikapandishwa kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi 1,000,000. Magazeti makubwa yaliweza kulipa. Jipime wewe na rafiki zako mnaotaka kuanzisha gazeti la kata yenu. Na tarehe 30 Januari 2018, vituo vya televisheni vilipotaka kuonyesha mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, mitambo ya vituo vitatu vikubwa ilizimwa, ikakaa siku kadhaa katika giza ingawa mahakama iliagiza iwashwe.

Kila mara sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri: amani, usalama, utaratibu. Sisemi kwamba sababu hizo ni uongo siku zote. Redio ya RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda mwaka 1993, na mwaka uliofuata ilitumiwa kuhimiza mauaji ya halaiki. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wenye kuhusika nayo. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeuita ule uhuru wa habari. Walakini mtawala aliyekwisha kupewa fimbo ya kumpiga mchochezi, aghalabu hufikia kumwona kila anayemkosoa kuwa mchochezi.

Basi, ikiwa hatuwezi kuikabidhi serikali kalamu, nasi wenye kalamu tumefanya niliyomfanyia karani, mpaka uwekwe wapi? Nimelifikiri swali hili miaka mingi, na jibu langu limetokana na karani wa pili, ambaye sikupata kumwona.

David Munyakei alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika kazi yake ya kila siku alipitisha karatasi za malipo makubwa mno yaliyokwenda kwa kampuni ya Goldenberg kama ruzuku ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo. Karatasi zile zilikuwa za siri. Aliapa kuzitunza. Lakini aliona kwamba siri ile haikumlinda mtu yeyote ila mwizi, akazitoa kwa wabunge wa upinzani, na habari ikafika bungeni na magazetini mwaka 1993. Alikamatwa na kushitakiwa chini ya sheria ya siri za serikali, na ijapokuwa kesi haikusimama, kazi yake ilipotea. Alihamia Mombasa, mji wangu, akaishi humo miaka kadhaa. Alifariki mwaka 2006 katika hali ya ufukara. Ninapowaza kwamba huenda nilipishana naye sokoni bila ya kumjua, moyo wangu huona haya.

Waweke makarani hawa wawili pamoja, msomaji. Kwa yule wa kwanza tulifichua mambo ya mtu asiyekuwa na mamlaka juu ya yeyote. Hakuna aliyeokoka kwa kujua mtaa aliokaa, wala jina la marehemu baba yake. Kwa yule wa pili, siri iliyofunuliwa ilikuwa ya wenye mamlaka juu ya fedha za nchi nzima. Wote wawili waliumia. Lakini wa kwanza aliumizwa na magazeti, na wa pili aliumizwa na watu ambao magazeti yalikuwepo ili kuwatazama. Tangu nilipofahamu hayo, kila nilipotaka kuchapisha jina la mtu nilijiuliza kwanza: mtu huyu ana uwezo gani juu ya wengine? Akiwa nao, na habari ikihusu uwezo huo, faragha yake hupungua. Akiwa hana, deni la kueleza ni langu, si lake. Watu kupenda kujua jambo si sawa na watu kuhitaji kulijua. Majirani wa karani walipenda sana kusoma habari yake.

Katiba ya mwaka 2010 imeyaweka mambo haya karibu karibu, kana kwamba waandishi wake walijua kwamba yatagombana. Ibara ya 31 yalinda faragha ya mtu. Ya 33 uhuru wa kujieleza. Ya 34 uhuru wa vyombo vya habari. Inayonigusa zaidi ni ya 35, ambayo watu huitaja kwa sababu ya haki ya kupata habari, wakasahau sehemu yake ya pili: kwamba kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au yenye kupotosha inayomhusu. Hicho ndicho kipande cha pili. Kimeandikwa katika sheria kuu ya nchi, baada ya yule bwana kukiomba kwa leso mkononi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua pia kwamba mtu asifungwe jela tena kwa kosa la kumkashifu mwenziwe. Aliyekashifiwa na adai fidia. Naliafiki uamuzi huo, kwa sababu waliotishwa kwa jela ile walikuwa aghalabu waandishi waliowaudhi wakubwa, na sijapata kusikia karani wa duka aliyeitumia akafaulu.

Hata hivyo kanuni niliyokupa haimalizi mashaka yote, nami sitakuficha. Tarehe 15 Januari 2019 magaidi walishambulia jengo la DusitD2 huko Nairobi, wakaua watu 21. New York Times, gazeti la Marekani, lilichapisha picha ya miili ya watu waliouawa wakiwa mezani. Wakenya wengi walikasirika, wakauliza kama gazeti hilo lingeonyesha hivyo maiti za watu wa mji wake. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya lilidai picha iondolewe. Wenye gazeti walijibu kwamba ulimwengu sharti uone uovu wa ugaidi ulivyo. Kanuni zilizofungamanishwa na sheria ya Baraza ya mwaka 2013 zilimtaka mwandishi aende kwa busara na huruma penye msiba, na kwa maoni yangu picha ile ilizivunja: mama aweza kumtambua mwanawe kwa shati tu. Lakini wako waliotaka mwandishi wa habari ile afukuzwe nchini, na hapo niliachana nao. Nilikumbuka Muoria.

Tena kulikuwa na jambo la watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road. Januari 2015 walirudi kutoka likizo wakaukuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Tarehe 19 walitoka pamoja na watetezi wao kuupinga, na polisi wakawarushia gesi ya kutoa machozi. Picha za watoto waliovaa sare, macho yamevimba, wengine wameanguka, zilizunguka dunia. Ukuta ulianguka, na serikali ikatangaza kwamba ardhi ni ya shule. Je, nyuso za watoto hawa zilipaswa kuonyeshwa? Kwa kanuni za kawaida mtoto aliye katika dhiki hufichwa uso. Nimewasikia wenzangu wawili wa zamani wakibishana juu ya hili mpaka kahawa ikapoa, na kila mmoja alikuwa na haki. Mimi ningezichapisha, bila ya majina. Lakini ningeomba radhi kwa wazazi siku hiyo hiyo, na nisingelala vizuri.

Mwaka uliopita nilialikwa katika shule moja ya sekondari kuzungumza na chama cha wanafunzi wenye gazeti la ukutani. Gazeti lilibandikwa karibu na maktaba, chini ya kioo. Habari ya juu ilikuwa ya mwanafunzi wa kidato cha pili aliyesimamishwa masomo kwa kushukiwa kuiba simu ya mwalimu. Jina lake lilikuwepo, na bweni lake, na picha yake iliyokatwa kutoka picha ya darasa. Niliuliza kama imethibitika. "Bado, Mzee," akajibu mvulana mmoja, "lakini kila mtu anajua." Hakuwa na ubaya. Alinikumbusha mtu niliyemjua.

Mhariri wao, binti wa kidato cha tatu, hakusema neno kutwa nzima. Mkutano ulipokwisha alinifuata hadi kwenye benchi chini ya mwembe, akanionyesha daftari la hesabu. Alikuwa ameandika humo, kwa tarehe, idadi ya magunia ya maharagwe yaliyoingia jikoni kila wiki kwa wiki sita. Katika ubao wa ofisi yaliandikwa kumi kila wiki. Yeye alihesabu saba, na wiki moja sita. Alikuwa ameandika habari yake kwa mwandiko mzuri. Mwalimu mlezi wa chama alikuwa ameisoma akaikataa, akisema mambo ya jikoni ni siri ya uongozi wa shule. Habari ya mvulana wa simu, mwalimu yule yule aliipitisha kwa sahihi yake.

Niliisoma ya magunia mara mbili.

"Mtunza ghala amesema nini?" nikamwuliza.

"Sijamwuliza, Mzee."

"Na mvulana wa simu, je, kuna aliyemwuliza?"

Alitikisa kichwa. Kisha akaitazama ile habari ukutani, kwa mbali, kwa muda mrefu.

"Kioo kile kina ufunguo?" nikasema.

"Ninao mimi."

Aliinuka akaenda, akakifungua, akaitoa karatasi ile na picha yake, akazikunja akazitia mfukoni mwa sketi. Palibaki pengo jeupe juu ya matokeo ya mpira wa wavu. Kisha akachukua daftari lake akashika njia ya ghalani. Dereva aliyekuja kunichukua alipiga honi mara mbili, nami nikampungia mkono angoje.